Pengo la Walionacho na Wasionacho: Lisomewe Fani Ipi?

Mwaka 1998, watoto wa shule za msingi huko Busia, magharibi mwa Kenya, walianza kumezeshwa dawa za minyoo katika mradi uliofuatiliwa kwa karibu na wachumi wawili, Michael Kremer na Edward Miguel. Shule zilikuwa 75, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, na ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilipata dawa mwaka huohuo, la pili mwaka 1999, la tatu mwaka 2001. Zamu hizo ziliwapa wachumi hao nafasi ya kuwalinganisha watoto waliokwisha kumeza dawa na wenzao waliokuwa bado wanasubiri. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2004, yalionyesha kwamba siku za kukosa shule zilipungua kwa karibu robo, na kwamba hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa kuwa maambukizi yalipungua kati ya wenzao. Mwaka 2009 Kenya ikaanzisha mpango wa kitaifa wa kutoa dawa hizo shuleni.

Mwaka 2015, watafiti wa elimu ya magonjwa kutoka London School of Hygiene and Tropical Medicine walizirudia hesabu zile kwa kutumia data zilezile, ambazo wachumi wenyewe walizitoa. Wakakuta makosa kadhaa ya hesabu. Wakahoji pia namna shule zilivyogawanywa, maana zilipangwa kwa kufuata alfabeti na kuhesabu moja, mbili, tatu, badala ya kupangwa kwa bahati nasibu. Hitimisho lao lilikuwa kwamba ushahidi kuhusu mahudhurio haukuwa imara kama ilivyoaminika. Wachumi wakajibu kwamba makosa yakisharekebishwa, hoja kuu inabaki palepale. Mabishano yalikuwa makali, na hadi leo kila upande una watetezi wake.

Watoto walikuwa walewale na data zilezile, lakini fani mbili zilitoa hukumu mbili. Kisa hiki kinastahili kusomwa na kila mhitimu wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Bujumbura anayetaka kusoma shahada ya uzamili au uzamivu ili achunguze kwa nini watu wa nchi moja wanaishi maisha yaliyotofautiana kiasi hiki. Pengo la walionacho na wasionacho halimilikiwi na fani yoyote. Wachumi wanalichunguza, na wanasosholojia, wanahistoria, wanasheria, madaktari wa afya ya jamii na wanajiografia pia. Fani inampa mwanafunzi mambo mawili atakayoishi nayo miaka mingi: kipimo cha kuamua lini jambo limethibitika, na kundi la watu watakaoisoma kazi yake na kuiamini. Anayechagua kwa kutazama jina la shahada peke yake anaweza kufika mwaka wa pili akagundua kwamba swali lililompeleka chuoni halijibiki kwa zana anazofundishwa.

Swali litangulie

Hatua ya kwanza, kabla ya kufungua tovuti ya chuo chochote, ni kuandika swali lenyewe kwa sentensi mbili tatu. "Nataka kusoma umaskini" bado si swali. Dumu la maji la lita 20 linalouzwa katika mtaa ambao nyumba zake hazina bomba linaweza kuonyesha tofauti iliyopo.

Anayetaka kujua kaya inatumia sehemu gani ya kipato chake kununua maji, na bei ikishuka itafanya nini na hela iliyobaki, ameuliza swali la kiuchumi. Anayetaka kujua nani analimiliki bomba, anamuuzia nani kwa mkopo na anamnyima nani, yuko kwenye sosholojia au anthropolojia. Akiuliza kwa nini mabomba yalilazwa Uzunguni tangu enzi za ukoloni na hayakufika kwingine, jibu lake liko kwenye nyaraka, na hiyo ni historia. Akiuliza kama mwenye nyumba asiye na hati ana haki ya kudai huduma, ameingia kwenye sheria. Akiuliza kipindupindu kinaua wangapi pale na wangapi mtaa wa pili, anahitaji afya ya jamii. Maswali hayo yote ni ya haki na yote yanahusu dumu moja, lakini kila moja linamtaka mtu mwenye mafunzo yake.

Njia rahisi ya mhitimu kulitambua swali lake ni kujiuliza ni ushahidi gani ungemfanya abadili mawazo. Wapo watakaosema jedwali la kaya elfu kumi. Wengine watasema maneno ya mama mmoja aliyesikilizwa kwa miezi sita, na wengine watasema barua ya bwana shauri ya mwaka 1931. Jibu la kweli hapo humwelekeza mtu vizuri kuliko orodha yoyote ya vyuo bora.

Uchumi na ugumu wake

Uchumi ndiyo fani inayosikika zaidi serikalini na kwenye mashirika ya fedha. Mfaransa Thomas Piketty alipochapisha kitabu chake kuhusu mtaji mwaka 2013, kilichowashtua wasomaji ni jinsi rekodi za kodi za zaidi ya karne moja zilivyoonyesha mali ikirudi kurundikana mikononi mwa wachache. Rekodi za kodi zina thamani kwa sababu dodoso za kaya huwakosa matajiri: wao ni wachache na si rahisi kuwafikia, na hata wakipatikana hawako tayari kutaja mali zao zote mbele ya mdadisi. Katika nchi zetu, ambako watu wengi hupata riziki nje ya ajira rasmi, rekodi za kodi nazo zinaeleza sehemu tu ya habari. Kijana wa Afrika Mashariki akilibeba tatizo hilo, ana kazi ya kutosha kwa miaka mingi.

Takwimu zilizopo tayari zinasema mengi. Utafiti wa bajeti za kaya Kenya wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 36.1 ya Wakenya wakiishi chini ya mstari wa umaskini. Turkana kiwango kilikuwa asilimia 79.4, na Nairobi asilimia 16.7. Tanzania Bara, utafiti kama huo wa mwaka 2017/18 ulitoa asilimia 26.4. Lakini wastani wa Nairobi unaiweka Muthaiga ya matajiri na mtaa wa mabanda wa Mukuru kwenye kapu moja, na kulipangua kapu hilo kunahitaji ujuzi wa hesabu ambao haupatikani kwa kupenda mada tu.

Hapa ndipo ushauri lazima uwe wa wazi. Uzamili wa uchumi wenye uzito unadai kalkulasi, aljebra ya matriki, nadharia ya uwezekano na ekonometriki. Aliyesoma Tanzania tahasusi ya EGM (uchumi, jiografia na hisabati) kidato cha tano na cha sita, kisha akachukua shahada ya kwanza ya uchumi au takwimu, yuko njiani. Aliyesoma HGL au HKL, tahasusi zisizo na hisabati, hajafungiwa mlango, lakini anahitaji mwaka mzima wa kujenga hesabu kabla ya kuomba, na ajifunze kuchakata data kwa Stata, au kwa R ambayo haina malipo. Muungano wa utafiti wa kiuchumi wa Afrika, AERC, ulioanzishwa mwaka 1988 na wenye makao Nairobi, umelea wachumi wengi wa ukanda huu kupitia programu za uzamili na uzamivu zinazoendeshwa kwa ushirikiano wa vyuo vya Afrika. Anayejiona hawezi kukaa na hesabu kwa furaha miaka mitano, asiingie uchumi kwa sababu tu ya ajira. Ataichukia kazi yake, na pengo alilotaka kulichunguza atalisahau.

Mlango kwa mlango

Sosholojia ina mfano ambao hauchuji. Mwaka 1896 W. E. B. Du Bois, kijana Mmarekani mweusi wa miaka 28, aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania kuchunguza hali ya watu weusi wa kata ya saba ya jiji la Philadelphia. Hakupewa ofisi wala darasa la kufundisha. Yeye na mkewe walihamia kwenye chumba kimoja ndani ya kata ileile, juu ya mgahawa, naye akaanza kupita nyumba hadi nyumba na hojaji zake, akiuliza kazi, kodi ya pango, elimu, mahali pa kuzaliwa. Alifika kwenye kaya kama 2,500. Kisha akachora ramani ya kata, kila kiwanja na rangi yake kulingana na hali ya maisha ya waliokaa hapo, na mwenye kuitazama ramani ile aliona mara moja kwamba watu weusi wa Philadelphia hawakuwa kundi moja la mafukara kama wazungu wa jiji lile walivyozoea kusema. Kitabu kilitoka mwaka 1899.

Kwa mhitimu wa leo kuna funzo jingine humo: uzamivu wa Du Bois, alioupata Harvard mwaka 1895, ulikuwa wa historia, na kabla yake alikuwa amesoma uchumi Berlin. Aliichukua zana ya kila fani alipoihitaji.

Mrithi wa njia hiyo ni Matthew Desmond, aliyeishi miongoni mwa wapangaji maskini wa Milwaukee, kwanza kwenye kambi ya nyumba za magurudumu, kisha kwenye nyumba ya kupanga vyumba, akifuatilia familia zinazofukuzwa kwa kushindwa kodi. Sambamba na hayo aliendesha dodoso la wapangaji zaidi ya 1,000, ili asije akaambiwa kwamba alichokiona ni visa vya watu wachache. Kitabu chake cha mwaka 2016 kilipata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Anayependa watu na takwimu kwa pamoja ataiona sosholojia ni nyumbani. Anayetaka kukaa na watu pekee, miezi kumi na miwili au zaidi kijijini au kwenye mtaa mmoja, huku akijifunza lugha yao hadi aelewe matani yao, aende anthropolojia. Fani zote mbili zinataka subira na maandishi mazuri. Asiyependa kuandika kila jioni yale aliyoyaona mchana atateseka.

Nyaraka, mahakama na madaraka

Afrika Mashariki ina urithi wake katika mjadala huu, na mhitimu asiufuate Ulaya kabla ya kuupitia hapa. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana mwenye uzamivu wa SOAS wa mwaka 1966, alikuwa mwalimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipoandika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kitabu kilichotolewa kwa pamoja na mchapishaji wa London na Tanzania Publishing House. Historia inafaa kwa anayeamini kwamba pengo la leo limetengenezwa na watu, kwa maamuzi yenye tarehe. Siku zake nyingi atazitumia kwenye majalada: Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, za Kenya jijini Nairobi, za Zanzibar pale Kilimani. Mwenye Kiswahili kizuri ana mtaji hapo, na mwenye Kijerumani juu yake anaweza kusoma mafaili ambayo wenzake wanayapita.

Issa Shivji ni mwanasheria, na kitabu chake kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania kilitoka mwaka 1976. Mwaka 1991 aliteuliwa kuongoza tume ya rais kuhusu masuala ya ardhi, iliyozunguka mikoa ya Tanzania Bara kusikiliza migogoro ya wanavijiji. Tume ilipendekeza ardhi ya kijiji iwekwe mikononi mwa mkutano mkuu wa kijiji. Serikali haikulikubali hilo, na Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zikaendelea kumfanya rais mdhamini wa ardhi yote. Hata hivyo, ni vigumu kuzungumzia ardhi nchini bila kuitaja ripoti ile. Anayetaka utafiti wake uguse hati, mirathi ya wajane au haki za wafanyakazi aifikirie sheria kwa uzito.

Kwa maswali ya nani anashika madaraka na kwa njia gani, ipo sayansi ya siasa. Mahmood Mamdani, mwandishi wa kitabu cha mwaka 1996 kuhusu raia na watawaliwa, aliporudi kuongoza taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere mwaka 2010, alianzisha uzamivu unaovuka mipaka ya fani, wenye masomo ya darasani kabla ya tasnifu. Ni njia ya kufikiriwa kwa asiyetaka kubanwa na idara moja na yuko tayari kusoma nadharia kwa wingi.

Miili na mahali

Tofauti za kimaisha huishia mwilini. Utafiti wa Whitehall, ulioanza mwaka 1967 London, uliwafuatilia wanaume takriban 18,000, wote watumishi wa serikali. Hakuna aliyekuwa fukara, wote walikuwa na ajira na matibabu ya umma. Bado, wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa kiwango kama mara tatu ya wale wa ngazi ya juu, na kila ngazi katikati ilikuwa na nafuu kuliko ile iliyo chini yake. Michael Marmot, daktari aliyejenga maisha yake ya kitaaluma juu ya matokeo hayo, alionyesha kwamba cheo chenyewe, pamoja na uhuru wa mtu kazini, kinahusiana na moyo na mishipa yake.

Kwetu, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya, APHRC, kimewafuatilia kwa miaka mingi wakazi wa mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani, Nairobi, kikiandika vizazi, vifo na uhamaji wa kaya. Data za namna hiyo ni adimu, na ni sababu tosha ya mtu wa demografia au afya ya jamii kusomea hapahapa badala ya kwenda mbali. Aliyesoma uuguzi, famasia au takwimu asidhani kwamba mada ya usawa ni ya wanasayansi ya jamii peke yao.

Jiografia nayo isidharauliwe. Barabara, daladala, umbali wa zahanati, mafuriko ya Jangwani jijini Dar es Salaam: pengo linaonekana kwenye ramani, na anayejua mifumo ya ramani za kompyuta huajirika kwenye halmashauri, sensa na mashirika.

Shahada za maendeleo

Wengi watavutiwa na shahada zenye neno "maendeleo" au "usawa" kwenye jina. Taasisi za maendeleo za Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Dar es Salaam zina zaidi ya nusu karne, na International Institute of Social Studies ya The Hague ilianza mwaka 1952. London School of Economics ina uzamili mahsusi wa kuchunguza ukosefu wa usawa. Shahada hizi humpa mtu mtazamo mpana, nazo zinamfaa mtumishi wa wizara, wa shirika la kiraia au mwandishi wa habari aliyekwisha kuwa na kazi na anayetaka kuielewa vizuri zaidi.

Kwa anayetaka kufundisha chuo kikuu, tahadhari inahitajika. Vyuo vingi hutaka shahada ya kwanza, ya pili na ya tatu zikaribiane, na idara ya uchumi haimwajiri kirahisi mwenye uzamili wa maendeleo. Mtu huyo asome uzamili wa fani yenye mizizi, uwe uchumi, sosholojia au historia, na hayo mengine ayachukue kama kozi za kuchagua.

Msimamizi, data na ada

Fani ikishapatikana, yamebaki mambo matatu, na kila moja linaweza kuharibu mpango mzuri.

La kwanza ni msimamizi. Jina kubwa lisilojibu barua pepe lina faida ndogo kuliko mhadhiri wa kawaida anayesoma sura ya tasnifu ndani ya wiki tatu. Mwombaji asome makala mbili za karibuni za mtu anayemtaka. Kisha aende maktaba ya chuo akafungue tasnifu za wanafunzi aliowasimamia, atazame mada, mbinu na miaka waliyotumia. Idara nzima ikiwa haina tasnifu hata moja inayokaribia swali lake, hiyo si idara yake.

La pili ni data na vibali. Tanzania ina utafiti wa kufuatilia kaya zilezile tangu 2008/09, na data zake hupakuliwa bure kwenye tovuti ya Benki ya Dunia. Data za Afrobarometer kuhusu maoni ya wananchi nazo ni za wazi. Asiye na fedha za kwenda uwandani anaweza kuandika tasnifu nzuri kwa data hizo. Anayekwenda uwandani ajue kwamba kibali cha utafiti cha COSTECH Tanzania au cha NACOSTI Kenya kinahitaji muda, na baada yake zipo barua za mkoa, wilaya na mtaa. Ratiba isiyohesabu miezi hiyo humfikisha mtu kwa mwenyekiti wa mtaa ufadhili ukiwa umeshakwisha.

La tatu ni ada. Uzamili wa Uingereza kwa kawaida ni mwaka mmoja, wenye gharama kubwa. Ufadhili wa Chevening huulipia, lakini hutaka uzoefu wa kazi wa miaka miwili na mhitimu kurudi nyumbani baadaye. Uzamivu wa Marekani huchukua miaka mitano au zaidi, na idara nyingi nzuri hulipia masomo na posho, mara nyingi kwa sharti la kusaidia kufundisha. Zipo zinazompokea mtu asiye na uzamili. Kwa walimu wa vyuo wanaotaka kubaki Afrika, ushirika wa CARTA, unaoongozwa na APHRC pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, umefadhili uzamivu wa afya ya jamii na idadi ya watu. Shirika la DAAD la Ujerumani nalo hulipia masomo ndani ya ukanda wetu. Anayelipiwa nusu asikubali kwa matumaini kwamba nusu nyingine itajileta. Aombe barua inayotaja kila kinacholipwa, ikiwemo gharama za uwandani.

Kabla ya kutuma maombi, mhitimu awatafute wanafunzi wawili au watatu waliomaliza chini ya msimamizi anayemtaka. Wengi hupatikana kwa barua pepe zilizo kwenye makala zao, na hujibu kwa ukarimu. Awaulize walitumia miaka mingapi, nani alilipa ulipofika mwaka wa mwisho, sura zao zilisomwa baada ya muda gani, na sasa wanafanya kazi gani. Majibu yao ayalinganishe na yale yaliyoandikwa kwenye tovuti ya idara. Yakipishana, awaamini wanafunzi.